Kiwango Kinachoruhusiwa cha Risasi

Jina la nchi hiyo halitatajwa hapa, maana kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi inayotoa vibali hufunguliwa siku za sikukuu tu, siku ambazo wafanyakazi wake wote huwa mapumzikoni. Itoshe kusema kwamba ilikuwa na jiji kubwa, na juu ya jiji palikuwa na hewa, na hewa hiyo ilikuwa safi. Usafi wake haukuwa jambo la kubishaniwa. Bunge liliupitisha kwa kura zote, na mbunge mmoja aliyebanwa na kikohozi katikati ya kusema "ndiyo" alizikwa kwa heshima zote za kitaifa wiki hiyo hiyo.

Kazi ya kuuthibitisha usafi huo kwa vipimo ilikuwa ya Dafrosa Kitundu, mkemia wa Maabara ya Taifa ya Hewa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mrefu, mkimya, asiye na mume, aliyeiamini mizani kuliko mtu yeyote. Kila asubuhi alipanda juu ya paa la Wizara pamoja na fundi wake, mzee Tindwa. Huko kulikuwa na pampu iliyovuta hewa kutwa kucha kupitia karatasi ya duara, upana wake kama mdomo wa kikombe. Karatasi iliingia nyeupe pe, ikatoka siku ya pili nyeusi tii. Dafrosa aliipima uzito, kisha akaitia kwenye mashine iliyoipiga miali na kutaja kila kilichomo: masizi ya magari ya dizeli na ya majiko ya mkaa, salfeti na naitreti zinazoundwa hewani gesi za moshi zikikutana, zinki ya matairi yanayolika barabarani, chumvi ya bahari, vumbi la udongo. Vyote alivipanga kwenye jedwali, akatia sahihi, jedwali likaenda Wizarani na hakuna aliyelisoma. Kwa miaka kumi na minne utaratibu huo haukumuudhi mtu.

Mwezi wa tisa wa mwaka ule mashine ilianza kutaja kitu kingine. Ilitaja risasi, yaani ile metali nzito ya kijivu inayowekwa ndani ya betri za magari. Dafrosa alidhani mashine imeharibika. Akaisafisha, akabadilisha karatasi, akapima upya. Alipima upya siku ishirini na moja, na kila upepo ulipovuma kutoka mashariki risasi ilipanda. Upande huo kulikuwa na mtaa wa Tanurini, na katikati ya mtaa kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, mali ya shemeji wa Waziri.

"Usiandike," Tindwa alimwambia, akifuta miwani yake kwa pindo la koti. "Mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, dada. Andika chumvi."

"Chumvi haiharibu akili za watoto."

"Basi andika kwa herufi ndogo."

Aliandika kwa herufi za kawaida. Taarifa ilikuwa na kurasa thelathini na mbili, na kwa kuwa alijua hakuna atakayezifikia, sentensi ya kwanza aliinyoosha kadiri alivyoweza: *Hewa ya jiji ina risasi mara kumi na moja ya kiwango kinachoruhusiwa, na nyingi inatoka Tanurini.*

Waziri wa Hewa na Pumzi, Mheshimiwa Eliufoo Magingo, alianza kuisoma sentensi hiyo akiwa kitini. Alipofika neno la tano alikuwa tayari chini ya meza, na iliyobaki aliimalizia huko.

Saa tano asubuhi Dafrosa aliitwa. Alimkuta Waziri amevaa fulana ya kuzuia risasi juu ya suti, na pembeni yake amesimama Kanali Shunda, kamanda wa Kikosi cha Utulivu, mtu mwenye sauti ya upole na viganja vipana. Kabla hajafungua mdomo alivishwa nishani.

"Bi Kitundu," Waziri alisema, "kwa miaka kumi na minne umekaa juu ya paa ukiitazama anga ya taifa. Wengine tulidhani unaanika nguo. Leo taifa limejua kwamba ulikuwa lindoni. Kinachonisikitisha ni jambo moja tu. Hapa umeandika kiwango kinachoruhusiwa. Nani aliruhusu?"

"Ni kiwango cha kimataifa, Mheshimiwa. Lakini risasi hii siyo..."

"Cha kimataifa," Waziri alimgeukia Kanali, na Kanali akaandika.

Dafrosa alijaribu tena kwenye ngazi, wakati wanamteremsha wakimshika viwiko kwa heshima, na alijaribu tena ndani ya gari. Kanali alimpigapiga begani. "Usiogope, mama. Kazi ya kupigana ni yetu. Wewe utatuonyesha tu mtaa."

Malori manne yaliingia Tanurini saa sita mchana. Kipaza sauti kilitangaza kwamba wenye risasi watoke nje na wasio nazo wabaki ndani. Waliotoka walipigwa kwa kuwa wametoka. Waliobaki walitolewa, wakapigwa kwa kuwa walijificha. Dafrosa, aliyefungiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la Kanali na nishani yake kifuani, alimwona bibi mmoja akikanyagwa mkono aliposhika kizingiti cha mlango wake, akamsikia askari akimuuliza, bila ukali wowote, risasi zake amezificha kwenye chungu kipi.

Nyumba ya tano ilikuwa ya mtu aliyeitwa Maganga. Alikuwa mfanyakazi wa kile kiwanda cha betri, mikono yake ina makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Alisimama mlangoni. Nyuma yake alikuwepo mkewe, Nyamizi, amembeba binti yao Limi, wa miaka sita, aliyekuwa ameanza kusahau maneno aliyokwisha kuyajua. Maganga alipoulizwa risasi ziko wapi, uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyepokea mgeni aliyemsubiri muda mrefu.

"Afadhali mmekuja, afande," alisema. "Miaka mitatu naandika barua ofisi ya mtaa, hakuna anayejibu. Risasi ipo. Imo kwenye vumbi, imo kwenye maji, mwanangu anayo mwilini. Inatoka pale kiwandani, na anayeiyeyusha ni mimi mwenyewe."

Kanali alimtazama Dafrosa kwa heshima kubwa. "Umesikia," alisema. "Na hata hatujamgusa."

"Anazungumzia metali," Dafrosa alisema. Aliusukuma mlango wa gari, akaukuta umefungwa kwa nje, akaanza kuugonga kwa ngumi. "Kanali, ni metali. Waambie wasimame. Anazungumzia metali."

Maganga alipigwa mbili za kifua na moja ya shingo. Alikaa chini taratibu, akaegemea ukuta, mkono mmoja umeziba shingo kana kwamba bado ana jambo la kumalizia. Nyamizi hakumtazama askari aliyefyatua. Alimtazama mwanamke wa ndani ya gari, yule mwenye nishani, aliyekuwa akigonga kioo.

Ufyatuaji uliendelea kwa saa nzima. Watu kumi na wanane wa Tanurini walikufa, na askari mmoja, aliyepigwa na mwenzake kutoka upande wa pili wa choo. Huyo wa mwisho ndiye aliyeifurahisha serikali zaidi, maana bila yeye isingekuwepo dalili kwamba kuna aliyejibu mashambulizi. Kikosi kilihitaji mahali pa kupiga kambi ili kiendelee kulinda amani, na kwa kuwa kiwanda cha betri kilikuwa na ukuta mrefu, askari mia mbili walihamia humo. Tanuri halikuzimwa hata kwa dakika moja. Kesho yake Tindwa alipanda juu ya paa peke yake, akatoa karatasi, akaipima. Risasi ilikuwa imefika mara kumi na nne, na safari hii ilifuatana na bariamu na antimoni, ambazo hutoka kwenye bunduki zikifyatuliwa.

Dafrosa alikuwa ofisini kwa Waziri tangu saa mbili. Hakuwa amelala, na nguo zake zilikuwa zile zile za jana.

"Mheshimiwa, ni metali," alisema. "Ningekuwa na maana ya zile za bunduki, ningeandika 'nyingi zinatoka'. Soma tena. Niliandika 'nyingi inatoka'."

Waziri, aliyekuwa mwalimu wa lugha kabla ya kuingia kwenye siasa, aliitazama sentensi kwa muda mrefu. Dafrosa aliona jinsi midomo yake ilivyokwenda, akajua kwamba ameelewa. Kisha akaona jinsi alivyoamua kutoelewa.

"Watu kumi na tisa wanazikwa leo," Waziri alisema. "Unataka niwaambie wafiwa kwamba serikali ilikosea upatanisho wa kisarufi?"

"Ndiyo."

"Serikali haiui kwa bahati mbaya, Bi Kitundu. Huo ungekuwa uzembe." Alimsogezea taarifa na kalamu. "Ongeza z, basi. Ni herufi moja. Uweke na sahihi pembeni, urudi nyumbani ukapumzike."

Dafrosa aliitazama ile nafasi ndogo kabla ya neno. Alimkumbuka mtu aliyeegemea ukuta akiwa ameziba shingo. "Mashine haikusema hivyo," alijibu.

Waziri alizunguka meza, akamvua nishani kwa mkono wake mwenyewe, akabonyeza kengele.

Mahojiano yalifanyika makao makuu ya Kikosi, katika chumba chenye mwanga mzuri na picha ya maporomoko ya maji. Kanali Shunda aliweka mezani ukurasa wa sita wa taarifa, wenye lile jedwali la vilivyomo hewani. Alikuwa ameyapigia mstari majina yote. Utaratibu aliueleza mapema na kwa adabu: kila jibu lisiloridhisha, kidole kimoja kitawekwa kwenye upenyo wa mlango wa chuma, upande wa bawaba, na mlango utafungwa.

"Masizi, asilimia thelathini na nne," alisoma. "Huyu ndiye mkuu wao?"

"Masizi ni moshi wa dizeli na mkaa."

Mlango ulifungwa. Dafrosa hakujua kwamba kidole kikivunjika hutoa sauti, na sauti hiyo ilimshtua kabla maumivu hayajafika.

"Umeandika wewe mwenyewe kwamba ni chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho, zinapenya hadi ndani kabisa. Chembe hizi zinaongozwa na nani?"

"Haziongozwi. Zinapeperushwa na upepo."

Mlango ulifungwa tena.

"Salfeti na naitreti. Hawa ni wageni au wa hapa hapa?"

"Zinaundwa hewani," Dafrosa alisema, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. "Gesi zikikutana."

"Zinakutana wapi?"

"Popote."

"Mikutano bila kibali," Kanali alimwambia karani, "nchi nzima." Kwa jibu hilo, kwa kuwa liliridhisha, mlango haukufungwa.

Siku ya pili walimletea mtu mfupi mwenye uso uliovimba, macho hayaonekani. Alikuwa mpiga ngoma wa harusi aliyejulikana mjini kote kwa jina la Zinki, na Kikosi kilimkuta sebuleni kwake akila chakula cha mchana.

"Huyu ni Zinki?" Kanali aliuliza.

"Simjui mtu huyu," Dafrosa alisema. "Zinki ni metali ya matairi. Mwachieni, tafadhali. Hajafanya lolote."

"Unamtetea," Kanali alisema kwa huzuni.

"Dada," yule mtu alisema kwa shida, akijaribu kugeukia ilikotoka sauti ya Dafrosa, "waambie tu chochote wanachotaka. Nina shughuli Jumamosi."

Alikufa siku ya tatu, katika chumba cha jirani, na Dafrosa alisikia yote. Siku ya nne Kanali aliona kwamba sasa amelainika vya kutosha, akaleta kalamu na ile taarifa ili aongeze herufi na kutia sahihi. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba vidole sita vilivyovunjwa vilikuwa ndivyo vya kushikia kalamu, mkono wa kulia na wa kushoto. Afisa aliyekuwa akifunga mlango alikaripiwa kwa maandishi. Dafrosa alipelekwa selo akasubiri vipone, akakaa humo wiki saba.

Kilichomtoa si huruma. Habari za Tanurini zilikuwa zimesambaa. Watu sokoni walikuwa wakiulizana kama risasi imo kwenye damu ya kila mtu au ya maskini peke yao. Waziri Magingo akaamua kuzima uvumi huo mara moja. Alitangaza Siku ya Damu Safi. Mawaziri wote, na wake na watoto wao, walipanga foleni mbele ya kamera, wakanyoosha mikono, wakatolewa damu huku bendi ya polisi ikipiga. Chupa zikafungwa kwa utepe wa rangi za taifa. Ndipo mtu akauliza zipelekwe wapi, ikaonekana kwamba nchi nzima ina mashine moja tu ya kupima risasi, na anayeijua ni mmoja, na yumo selo.

Dafrosa alirudishwa maabara Jumatatu. Vidole vyake vilikuwa vimeunga vibaya, vimepinda kama vijiti vilivyokauka juani, na hakuweza kushika hata kijiko. Tindwa alipomwona alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Sema," alimwambia baadaye. "Wewe sema, mimi nitashika."

Walipima siku mbili. Jumatano jioni walikuwa na majibu ya chupa zote, na Tindwa aliyaandika kwa mwandiko wake wa zamani uliolala. Dafrosa hakuyapeleka popote. Alhamisi asubuhi alimwomba Tindwa amsindikize Tanurini.

Nyamizi alikuwa nje ya nyumba yake, anachekecha mchele. Alimwona Dafrosa kwa mbali, akamwacha akaribie mpaka hatua tatu. Kisha akasimama, akanyanyua bakuli la bati, akampiga nalo usoni. Dafrosa alipepesuka bila kuanguka. Nyamizi akampiga tena, juu ya jicho, ngozi ikapasuka na damu ikamwagikia gauni. Wanawake wengine walitoka majumbani, na hakuna aliyesema aache. Tindwa alitaka kuingilia, Dafrosa akamzuia kwa mkono wake uliopinda.

"Ni wewe uliyewaleta," Nyamizi alisema. Hakupandisha sauti. "Ulikaa ndani ya gari ukaangalia."

"Ni mimi," Dafrosa alisema. "Niliandika kwamba hewa yenu ina sumu, wakasoma wanavyotaka. Kama hujamaliza, endelea. Ukimaliza nina neno kuhusu mtoto."

Bakuli lilibaki juu kwa muda. Nyamizi aliiona mikono ile, akaitazama kidole kwa kidole, akalishusha.

Dafrosa aliwaeleza wakiwa wamesimama pale pale, damu ikimkaukia shavuni: kwamba betri zikiyeyushwa hutoa moshi wenye risasi, kwamba risasi hutua kwenye sakafu na kwenye nguo na kwenye mikono ya watoto wanaotambaa, kwamba mwili huidhania ni madini ya mifupa na kuihifadhi. Kwamba ndiyo inayowaumiza matumbo, na ndiyo inayomfanya mtoto asahau maneno.

"Lile tanuri likizimwa, itatoka?" Nyamizi aliuliza.

"Si haraka. Lakini haitaongezeka."

"Basi tunalizima."

Mwanamke mmoja alikuwa ameshakimbilia ndoo ya maji. Dafrosa alimwita arudi. "Maji yakigusa risasi iliyoyeyuka yanalipuka, mtaungua wote. Chukueni mchanga, na uwe mkavu."

Wanawake sitini waliingia kiwandani saa nne asubuhi wakiwa na ndoo za mchanga kichwani. Hakuna aliyewazuia getini. Askari mia mbili wa Kikosi cha Utulivu walikuwa wamekaa chini kwa mistari, nyuso za kijivu, wameshika matumbo. Kwa wiki saba walikuwa wamelala juu ya majivu ya tanuri na kupikia ugali kwa moto wa maganda ya betri. Bunduki zilikuwa magotini mwao, na juu ya bunduki viganja vyao vilining'inia kutoka kwenye vifundo vya mikono kama nguo mbichi kwenye kamba.

"Hivyo ndivyo inavyofanya," Dafrosa alimwambia Nyamizi kwa sauti ya chini. "Inaua mishipa ya fahamu ya mikono."

Kanali Shunda hakuwa amelala kiwandani hata mara moja. Makazi yake yalikuwa hotelini, ng'ambo ya jiji, na mikono yake ilikuwa mizima. Aliingia kwa gari wakati ndoo za kwanza zilikuwa tayari zimemwagwa, akatembea mpaka kwenye jukwaa la chuma lililo juu ya mfereji, pale ambapo risasi nyekundu kwa moto ilikuwa ikitiririka kwenda kwenye vyombo vya kuigandishia. Akaamuru kikosi kifyatue.

Askari walisimama. Bunduki zilipanda mpaka kiunoni, zikaanguka. Wengine walijaribu kuzinyanyua kwa viwiko.

"Afande," koplo mmoja wa mstari wa mbele alisema, "mkono haupandi."

Kanali alichomoa bastola akampiga koplo huyo moja ya kichwa kwa kosa la uasi. Kisha akawageukia wanawake. Wa kwanza aliyeanguka alikuwa msichana aliyevaa kanga ya kijani. Wa pili alikuwa yule bibi aliyekanyagwa mkono. Ndoo ilibingirika mpaka miguuni kwa Dafrosa na mchanga ukamwagika. Kanali alikuwa akilenga mara ya tatu wakati mstari wa mbele wa kikosi chake ulipoanza kupanda ngazi za jukwaa. Hawakukimbia, matumbo yao hayakuwaruhusu. Alimpiga mmoja, waliofuata wakamruka. Walipomfikia hawakuwa na mikono ya kumshika, kwa hiyo walitumia mabega. Walimsukuma pole pole, kama watu wanaosukuma gari lililokwama, mpaka jukwaa likaisha.

Alipouangukia, mfereji ulitoa mvuke na harufu ambayo Dafrosa, aliyezizoea harufu za maabara zote, hakuwahi kukutana nayo. Kelele zilikuwa fupi. Baada yake zilisikika ndoo tu, mchanga juu ya mchanga, mpaka rangi nyekundu ikawa ya kahawia, ikawa nyeusi. Nyamizi alimwaga ya mwisho. Alibaki ameegemea ukuta wa tanuri, uliokuwa bado wa moto, kana kwamba hausikii.

Redio ilitangaza kwamba Kanali Shunda amefariki kutokana na joto la msimu.

Siku nane baadaye Waziri alimwita Dafrosa. Alikuwa na rasimu ya sheria mezani na hali yake ilikuwa nzuri. Serikali, alisema, sasa inakiri kwamba ipo risasi ambayo ni metali. Inakiri pia kwamba imo ndani ya miili ya baadhi ya wananchi. Na kwa kuwa risasi, iwe ya aina gani, ni mali ya jeshi, kila aliye nayo mwilini bila leseni anaimiliki kinyume cha sheria.

"Kifungo ni miaka saba," Waziri alisema. "Nataka majina. Nasikia tangu tanuri lizimwe umepima damu za askari na za watu wa Tanurini."

"Tumeyaleta," Dafrosa alisema.

Tindwa, aliyekuwa nyuma yake, aliweka karatasi mezani. Waziri alivaa miwani akaanza kusoma juu. Jina la kwanza lilikuwa Eliufoo Magingo. La pili lilikuwa la mkewe, yakafuata ya watoto wake wanne, kisha baraza zima la mawaziri kwa vyeo vyao, kwa maana upepo wa mashariki ukishavuka jiji hugonga kilima, na kilimani ndiko wanakokaa wakubwa. Baada ya hao walikuja askari mia moja tisini na nane wa Kikosi cha Utulivu.

Alisoma mpaka mwisho. Aligeuza karatasi, akakuta nyuma hakuna kitu.

"Na wa Tanurini?"

"Majibu yao yamepotea," Dafrosa alisema. "Mikono yangu mibovu, Mheshimiwa. Vitu vinaniponyoka."

Waziri alirudi juu ya orodha. Kidole chake kilikaa kwenye mstari wa sita, na safari hii hakuonekana kuamua lolote, alikaa tu. "Huyu wa mwisho," alisema, "ana miaka minne. Hajaanza kuongea. Mama yake anasema ni mzito tu wa ulimi. Itamtoka lini?"

"Kwenye damu, miezi kadhaa, akihamishwa hapa. Kwenye mifupa, miaka ishirini. Thelathini."

"Hakuna dawa?"

"Ipo ya kupunguza. Hapa nchini haijaagizwa, kwa kuwa hewa ni safi."

Waziri aliikunja rasimu ya sheria mara nne akaitia mfukoni, na haikusikika tena. Mwezi uliofuata familia yake ilihamia ng'ambo kwa masomo, na mtoto wa mwisho akawa mwanafunzi mdogo kuliko wote katika msafara huo. Yeye alibaki na uwaziri wake. Shemeji yake alihamishia tanuri kwenye mji mwingine usio na mkemia. Askari walirudishwa makwao na barua za kuwapongeza, ambazo wengi walilazimika kufunguliwa na wake zao. Mzee Tindwa alistaafu, na kila asubuhi aliendelea kuja kazini bila kuulizwa.

Dafrosa alikwenda Tanurini kila Jumamosi. Aliwafundisha kupiga deki kwa tambara bichi badala ya kufagia vumbi, kuosha mikono ya watoto kabla ya kila mlo, kuacha viatu nje. Alipima tena. Wengine walimsalimu, wengine walitema mate alipopita, na aliwaona wote kuwa na haki.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili alimaliza kumpima Limi, akawa anaondoka, Nyamizi akamwambia akae. Alikaa kwenye kigoda. Nyamizi alimimina uji wa mtama kwenye bakuli, akaangalia jinsi Dafrosa alivyojaribu kulishika kwa viganja viwili na jinsi lilivyokuwa likiteleza. Akalichukua. Akavuta kigoda kingine, akakaa mbele yake goti kwa goti, akachota kijiko, akakipuliza.

"Sijakusamehe," Nyamizi alisema.

"Najua."

"Basi fungua mdomo. Uji unapoa."